Tusizivike ndege zetu ndogo koti la Kanada

Nilikuwa kimya kama wiki tatu hivi, na sababu ni zilezile: umeme, bando, na habari moja ya wachimbaji wadogo iliyonipeleka porini nikarudi na mafua. Leo narudi na mada itakayowafanya wengine wenu mcheke. Barafu kwenye ndege. Ndiyo, barafu! Na naandika haya nimekaa kibarazani kwa muuza chipsi, fulana imenigandia mgongoni kwa jasho, malori ya Rwanda na Burundi yananipita moja baada ya jingine. Kwa wasiopajua kwetu Masumbwe, sisi ni mji wa barabarani, kati ya Kahama na Ushirombo. Tulilala Shinyanga tukaamka Geita (hiyo ilikuwa 2012, mkoa mpya ulipozaliwa na sisi tukajikuta wilaya ya Mbogwe). Joto halikubadilika.

Mada yenyewe ilianzia kwenye kahawa. Pale kijiweni kuna mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi stoo ya mgodi, na mwanawe yuko Kanada. Mtoto kamtumia picha ya ndege ndogo imesimama uwanjani inamwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu, kama gari kwenye kuoshea magari. Mzee akatuonyesha simu, akaanza kuhutubia. Ndege zinazopeleka vijana wetu migodini, akasema, ndege zinazobeba wagonjwa, watalii, wafanyabiashara wa dhahabu, nyingi ni hizihizi ndogo. Ngapi zina mitambo ya barafu? Kwa nini serikali isilazimishe zote zifungwe? Kisha akanigeukia mimi: "Ninyi waandishi mnasubiri watu wafe ndipo mwandike."

Kauli ile iliniuma, maana ina ukweli ndani yake. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air, ATR 42, ilipoangukia ziwani pale Bukoba katika hali mbaya ya hewa, ilikuwa na watu 43 na 19 walipoteza maisha. Sote tuliandika. Siku hiyohiyo, na wiki nzima iliyofuata. Kabla ya hapo nani kati yetu alikuwa ameuliza boti ya uokoaji ya uwanja ule iko wapi? Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Basi nikamwambia mzee, "Shikamoo na ahsante, nitaandika." Nikaanza kweli. Nikaandika aya nne kali za kudai ndege zote ndogo za Kanda ya Ziwa zifungwe mitambo ya kuzuia barafu. Halafu nikapata safari, nikakutana na rubani mmoja, na zile aya nne nikazifuta. Leo nawaeleza kwa nini.

Safari ilikuwa ya kazi, kutoka kiwanja kimoja cha vumbi huku kwetu kwenda Mwanza, kwa Cessna Caravan. Tulitakiwa kuruka saa nane mchana. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, tumekaa chini ya kibanda cha bati tunatazamana. Upande wa ziwa kulikuwa na wingu limesimama kama kichuguu, jeupe juu, jeusi chini. Rubani alikuwa dada mmoja wa makamo, mpole, mwenye simu mbili. Mara apige simu Mwanza, mara asimame jua kali aangalie lile wingu, mara arudi kukaa. Abiria mmoja aliyevaa kizibao cha kuakisi mwanga alianza kulalamika kwa sauti kwamba ana kikao.

Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamfuata yule dada, nikamsalimu, nikamwonyesha ukingo wa mbele wa bawa. Kulikuwa na utepe mpana wa mpira mweusi, umechakaa, una viraka kama tairi la baiskeli ya mkaa. "Kapteni," nikamuuliza, "huu mpira ndiyo wa kuzuia barafu?"

Akacheka. "Mdogo wangu, huo ulikuja na ndege kutoka huko ilikonunuliwa."

Ngoja niwaeleze huo mpira, maana wengi mmeuona bila kujua. Kama umewahi kupanda ATR ya Precision au zile Bombardier Q400 za Air Tanzania na ukakaa dirishani, umeona ukingo wa mbele wa bawa umevishwa kitu cheusi. Ule ni mpira wenye mifuko ndani yake. Bawa likishika barafu, rubani anawasha mtambo, mifuko inajazwa upepo, mpira unavimba na kunywea, barafu inapasuka na kupeperuka. Aliyeubuni ni mkemia wa Kimarekani, William Geer, akishirikiana na kampuni ya B.F. Goodrich, na ulianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1930, enzi ambazo ndege za posta zilikuwa zinaanguka huko kwao kwa sababu ya barafu. Ni ubunifu wa maana sana. Barafu haiangushi ndege kwa uzito tu kama nilivyodhani. Inaharibu umbo la bawa, na bawa lililoharibika umbo halibebi. Barafu nyembamba na yenye mikwaruzo kama msasa inatosha kuleta msiba.

Mtambo wa pili nao una uchawi wake. Unaitwa TKS, na ulianzia Uingereza wakati wa vita ya pili ya dunia. Huu hauvimbi, unatoa jasho. Ukingo wa bawa unavishwa bati la titani lenye vitundu vidogo mno, na pampu inasukuma majimaji ya glaikoli yatoke kwenye hivyo vitundu na kutambaa juu ya bawa, barafu isishike. Unaweza kufungwa kwenye ndege iliyokwisha kutengenezwa miaka mingi nyuma, ilimradi kuna cheti cha nyongeza kinachokubali mabadiliko hayo, mamlaka ya usafiri wa anga inakitambua, na mahesabu ya uzito wa ndege yanapigwa upya.

Hapo kwenye uzito ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Tangi la TKS kwenye Caravan linachukua karibu lita 80, na glaikoli ni nzito kuliko maji. Ukijumlisha pampu, mabomba na mabati, umeacha uwanjani abiria mmoja mwenye afya zake pamoja na begi lake. Bei nayo ni makumi ya maelfu ya dola. Viwanja vyetu ni vya vumbi, viko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto linafika nyuzi 30. Hewa ya namna hiyo ni nyepesi, na ndege inahangaika kunyanyuka hata bila mzigo wa ziada. Mafundi wataniambia tangi si lazima lijazwe. Sawa, lakini tangi tupu ni la nini? Na hayo majimaji utayanunua duka gani pale Kahama?

Sasa twende kwenye swali ambalo mzee wangu hakuliuliza, na mimi katika zile aya nne sikuliuliza: barafu yenyewe iko wapi?

Huku karibu na ikweta, hewa inafikia nyuzi sifuri kwenye kimo cha kama mita 4,500 hadi 5,000, yaani futi 15,000 au 16,000 hivi. Ndiyo maana Kilimanjaro ina barafu kileleni, kwenye mita 5,895, huku Moshi watu wanalima ndizi. Caravan haina hewa ya kushindiliwa ndani kama ndege kubwa. Ukipita futi 10,000 kwa muda mrefu, sheria zinaanza kudai oksijeni kwa waliomo. Kwa hiyo kutoka huku kwetu mpaka Mwanza, au Mwanza mpaka Bukoba, inaruka kwenye futi 9,000, 10,000, pengine kidogo zaidi. Huko nje ni nyuzi 10 hadi 12 hivi. Hali ya hewa ya Mbeya! Huwezi kupata barafu kwenye bawa kwa nyuzi 10 hata ukiiombea.

Kwa ndege za namna hii, safari za namna hii, mpira ule mweusi ni koti la baridi alilotumiwa mtu wa Masumbwe na ndugu yake wa Toronto. Zuri, la gharama, na jua letu linalipasua kwenye msumari. Mpira unazeeka kwa jua, kokoto za kiwanja zinautoboa, kila kiraka ni pesa na saa za fundi.

Nisieleweke vibaya. Zipo ndege ndogo zinazohitaji mitambo hiyo hapahapa Afrika Mashariki. Pilatus PC-12 inayobeba mgonjwa mahututi, kama zile za AMREF pale Wilson, Nairobi, ina hewa ya kushindiliwa na inapanda futi 20,000 na zaidi. Kila safari inapenya pale kwenye sifuri mara mbili, ikipanda na ikishuka. Ile imetoka kiwandani na mipira yake, na kama mpira wa ndege ya namna hiyo umepasuka mimi nataka ubadilishwe kabla mgonjwa hajapandishwa. Hapo sina mjadala. Mjadala wangu ni hili wazo la "zote zifungwe".

Lakini jamani, kuna jambo lilinizuia nisimalizie makala hapo na kumcheka mzee. Barafu tunayo. Sisi wa huku tunaijua kuliko mtu wa Dar.

Usiku wa Machi 3, 2015, kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama. Mvua ya mawe na upepo vilishuka watu wamelala. Nyumba za tope zikalala juu ya wenyewe. Waliokufa walipita 40. Mawe yale hayakutengenezwa ardhini, wadau. Yalitengenezwa juu, ndani ya wingu lililopanda mara mbili, mara tatu ya kimo cha Kilimanjaro, maji yakibebwa na upepo yakapita ile sifuri, yakaganda, yakashuka, yakapandishwa tena, yakavimba. Anga lililo juu ya Kahama lina barafu tani kwa tani. Ila halijatawanyika kila mahali kama kule Kanada. Limefungwa ndani ya mawingu ya radi.

Na ziwa letu ni kiwanda cha mawingu hayo. Mwaka 2016 mtafiti wa Kibelgiji Wim Thiery na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature Communications utafiti kuhusu dhoruba za Ziwa Victoria. Mtindo wake wavuvi wanaujua bila kusoma: mchana dhoruba ziko nchi kavu, usiku mpaka alfajiri zinahamia majini. Watafiti wale wakasema pia kwamba dunia inavyozidi kupata joto, dhoruba kali za ziwani zitaongezeka ukali.

Basi ukiingiza Caravan ndani ya wingu kama lile la Mwakata, mpira mweusi utakusaidia nini? Nilipomuuliza kapteni, hakucheka safari hii. Alisema humo ndani kuna upepo unaopanda na unaoshuka kwa nguvu ya kuvunja ndege, kuna mawe, kuna maji yaliyo chini ya sifuri lakini bado hayajaganda, yanayosubiri tu kitu cha kugandia. "Humo hakuna mtambo," akasema. "Humo hauingii."

Nilipofika nyumbani nikasoma zaidi, nikakuta hata wenye baridi yao wamefika hapohapo. Caravan ilipata sifa mbaya ya barafu Marekani na Kanada. Mwaka 2006 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliamuru kwamba Caravan, hata iwe na mitambo yake yote ya barafu, ikikutana na barafu inayozidi ile nyepesi itoke humo, na ikiwa ndani ya barafu kasi isishuke chini ya noti 120. Yaani mwenye koti naye kaambiwa asikae nje kwenye theluji. Baadaye Cessna wenyewe wakaachana na mipira kwenye Caravan wakahamia TKS.

Kuna ajali moja ilinikaa kichwani kwa sababu ilitokea ziwani. Januari 17, 2004, kisiwa cha Pelee katika Ziwa Erie, Kanada. Caravan yenye watu 10 iliruka na kuanguka muda mfupi baadaye, wote wakafa. Wachunguzi walikuta ndege ilikuwa na barafu juu yake, na ilikuwa imezidi uzito kwa asilimia 15 au zaidi. Barafu na uzito, pamoja. Mimi nikasoma "imezidi uzito" nikawafikiria abiria wetu wa huku, yule anayebembeleza dumu la mafuta ya mawese liingie, na mwingine anayesema begi lake lina nguo tu, na linagonga chini kama tofali. Barafu hatuna bawani, ila hiyo nusu nyingine ya ajali ya Pelee tunayo kila siku.

Haya, nikawa nadhani nimemaliza. Nikampigia simu rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye anajifunza urubani (baba yake aliuza ng'ombe, tusiulizane wangapi). Nikamwambia kwa majivuno, "Mwana, nimegundua ndege zetu ndogo hazipati barafu." Akaniambia, "Umegundua uongo."

Na hapa ndipo penye utamu wa mada yote.

Ndege anayojifunzia ni Cessna 172 ya zamani, yenye kabureta. Kabureta hiihii anayoijua fundi wa bodaboda. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inakutana na petroli, petroli inageuka mvuke. Sasa kumbuka nesi anavyokupaka spiriti kabla ya sindano: spiriti ikikauka, ngozi inapoa. Ndivyo hivyo, ila kwa kasi kubwa. Ndani ya koo la kabureta joto linaweza kushuka kwa nyuzi 20, hata 30. Nje ni nyuzi 22, hewa ina unyevu wa ziwa, wewe umevaa kaptula, na ndani ya injini yako barafu inajijenga na kuziba koo! Inapenda zaidi pale rubani anapopunguza moto ili ashuke, yaani akiwa tayari karibu na ardhi. Au karibu na maji.

Dawa yake ipo tangu zamani. Ni mtambo mdogo wenye mkono wa kuvuta, unaoingiza hewa iliyopashwa moto na ekzosi na kuyeyusha. Ila una mtego. Rafiki yangu anasema siku ya kwanza alipoambiwa auvute, wakishuka kuelekea ziwani, injini ilikohoa na kutetemeka. Akaogopa, akataka kuurudisha haraka. Mwalimu akamchapa mkono. Ile kukohoa ni barafu inayeyuka na injini inameza maji, na anayeogopa akaurudisha ndiye anayezimikiwa. Dakika moja ya kuvumilia injini inayokohoa juu ya maji! Mimi ningelia.

Unaona sasa? Ndege ambazo barafu inaweza kuziua hapahapa kwenye joto letu ni zile za bei ya chini kabisa, za kujifunzia na za watu binafsi, ambazo wala hazikuwa kwenye hotuba ya mzee. Caravan haina kabureta, ina injini ya tabaini. Cessna 206 nyingi zinapuliziwa petroli moja kwa moja. Lakini 172 za zamani, 150, 152, Piper Cherokee, hizo zina kabureta. Na kitu cha kuongeza kwenye ndege hizo ni kipimajoto cha kabureta, saa ndogo ya dashibodi inayomwonyesha rubani kwamba koo linakaribia kuganda. Bei yake ni dola mia chache. Ukilinganisha na ule mtambo wa kutoa jasho, ni bei ya vocha.

Kingine cha bei nafuu ni kile kibomba kinachochomoza bawani au chini yake, kinachopima kasi ya ndege kwa kukinga upepo. Pitoti. Kinapashwa joto kwa umeme kisizibwe na barafu. Juni 1, 2009 ndege ya Air France, safari 447 kutoka Rio kwenda Paris, ilipita kwenye dhoruba za ikweta juu ya Atlantiki, futi 35,000, vibomba vyake vikazibwa na chembe za barafu ingawa vilikuwa vinapashwa joto, vipimo vya kasi vikapotea, marubani wakachanganyikiwa. Watu 228. Kampuni ilikuwa imeanza tu kubadilisha vibomba hivyo kwa aina bora zaidi. Hiyo ni ndege kubwa na kimo kikubwa, najua, lakini kibomba ni kilekile, na dhoruba ni za ukanda uleule wa kwetu. Huku chini adui yake wa kila siku ni mdogo zaidi: nyigu. Anajenga kiota cha tope ndani ya kibomba ndege ikilala siku mbili bila kufunikwa. Februari 6, 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baada ya kuruka Puerto Plata, watu 189 wakafa, na wachunguzi walimshuku nyigu. Dawa yake ni kifuniko cha kitambaa chenye utepe mwekundu. Bei? Mshonaji wa Masumbwe anakushonea ukisubiri.

Kwa hiyo zile aya nne nilizofuta, leo ningeziandika hivi. Ikiwa kuna pesa ya kuongeza vifaa kwenye ndege ndogo za Kanda ya Ziwa, iwe pesa ya mwenye ndege, ya mgodi unaozikodi au ya mfadhili, isiende kwenye koti la Kanada. Iende kwenye rada ndogo ya hali ya hewa inayofungwa kwenye bawa, kwa Caravan isiyokuwa nayo, rubani aone dhoruba iliyojificha nyuma ya ukungu. Iende kwenye kipimajoto cha kabureta kwa ndege za mafunzo. Iende kwenye mizani pale kwenye kibanda cha bati, na mtu wa kuisoma mizani bila kuona aibu. Tena iende kwenye kutumia kile tulichonacho: mamlaka ya hali ya hewa, TMA, ina rada yake Mwanza inayoona dhoruba za ziwa. Sasa rubani aliye kwenye kiwanja cha vumbi anapataje kile inachokiona? Yule dada alikuwa anapiga simu kwa mtu anayemfahamu, kwa vocha yake.

Migodi ndiyo yenye sauti hapa, kuliko hata mamlaka. Flight Safety Foundation ina viwango vya usalama wa ndege zinazokodiwa na kampuni za migodi, vinaitwa BARS, tangu 2010. Anayelipa ndege anaweza kusema nataka hiki, na asipokipata halipi. Ila aseme anachokihitaji anga la Kahama. Juni 5, 2018 Caravan ya FlySax iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare ndani ya mawingu, wote 10 wakafa. Haikuwa barafu. Ilikuwa mlima. Ukinunua dawa ya ugonjwa wa jirani, pesa ya dawa yako imekwenda.

Mzee wangu nimemweleza yote haya juzi. Akanywa kahawa yake mpaka mwisho, akasema mwanawe atanijibu. Nasubiri kwa hamu, na jibu lake nitalileta hapahapa likiwa lina hoja.

Turudi kwenye kile kibanda cha bati, maana sijamalizia. Jamaa wa kizibao alichoka kulalamika, akapiga simu mahali. Tulimsikia sote: "Bosi, rubani anaogopa mawingu." Baada ya dakika mbili simu moja ya yule dada ikalia. Akapokea, akasikiliza, akasema "ndiyo," akasema "naelewa," akasema "bado," akakata. Akarudi kukaa pembeni yangu, mikono mapajani. Hakusema kitu na mimi kwa mara ya kwanza sikuuliza kitu. Niliangalia uso wake, nikafikiria simu kama hiyo inalia mara ngapi kwa mwezi, kwa rubani kijana asiye na miaka ya kutosha ya kusema "bado".

Lile wingu lilianza kuchanika upande wa magharibi kama saa kumi. Tuliruka saa kumi na dakika ishirini, tukalizunguka kwa mbali, tukiona radi zinacheza ndani yake kama taa mbovu. Tulitua Mwanza kabla ya saa kumi na moja na nusu, uwanja umelowa, maji bado yanatiririka pembeni mwa njia ya kurukia. Jamaa wa kizibao alishuka wa kwanza, akaondoka bila kuaga, simu sikioni. Kapteni alibaki. Alichomoa kutoka mfuko wa kiti kifuniko chenye utepe mwekundu, akakivisha kile kibomba, kisha akaanza kuizunguka ndege taratibu, akilipapasa bawa kwa kiganja, mpaka kwenye viraka.